Pasaka Tuliyoiimba Februari

Maua ndiyo yaliyonishtua kwanza. Meupe, marefu, yenye mdomo kama wa tarumbeta, yale ambayo Waingereza huyapanga kanisani siku ya Pasaka. Yalijazwa kwenye vyombo vikubwa chini ya nguzo, kushoto na kulia, na harufu yake ilinipokea mlangoni kabla sijakunja mwavuli. Kitambaa cha zambarau nilichokiona altareni Jumapili kilikuwa kimeondolewa, pametandikwa cha dhahabu. Ilikuwa Jumatano, wiki moja kamili baada ya Jumatano ya Majivu, na nje, juu ya kilima cha Lincoln, upepo wa Februari ulikuwa unakata masikio.

Nilikuwa nimeshaambiwa tangu jana yake. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Nilisimama na mishikio ya kiti cha magurudumu mikononi, miguu ikakataa kwenda. Bibi niliyekuwa namsukuma aligeuza shingo akaniuliza kama tairi limekwama. Nikamwambia hapana, nikasukuma.

Ili mtu aelewe kwa nini maua yalinisimamisha, lazima nianzie Mkunazini.

Nimezaliwa Unguja mjini, nikabatizwa na kukulia katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, kanisa la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Sisi watoto wa kwaya tulipita kando yake kila Jumapili, na Shangazi yangu, aliyenilea, alinifundisha kulizunguka, nisilikanyage. Kanisa letu ni la wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, na watu wa UMCA walikuwa na mambo yao: uvumba, kengele, misa ya kuimbwa, na Kwaresima inayoonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Maua yaliondolewa. Misalaba ilifunikwa. Na Haleluya ilinyamaza.

Ilinyamaza kabisa. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi usiku wa Mkesha wa Pasaka, neno hilo halikutamkwa kanisani. Sasa kwaya haiwezi kungoja usiku wa Mkesha ndipo ijifunze nyimbo za Pasaka. Tulifanya mazoezi Kwaresima nzima, jioni, mlango umerudishwa, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na utaratibu wake: kila tulipofika penye Haleluya, tuliimba solfa. Maneno mengine yote tuliyaimba kama yalivyo. Tukifika pale tunaingia do, mi, so, kila sauti na yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi, halafu tunarudi kwenye maneno. Karibu wiki sita tuliimba hivyo. Usiku wa Mkesha, mishumaa imeshawashwa, padri ameshatangaza, ndipo neno lenyewe lilipotutoka vinywani, likakaa pale ambapo solfa ilikuwa imelishikia nafasi. Nilikuwa na miaka tisa mara ya kwanza. Vinyweleo vilinisimama, na nilipomtazama Shangazi kwenye safu ya sauti ya pili, machozi yalikuwa yanamtiririka na anaimba vilevile.

Mtoto aliyefundishwa hivyo hawi mtu mzima akasahau.

Huu ni mwaka wangu wa sita Lincoln, mashariki ya Uingereza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za asubuhi mara nyingi, na Jumapili mchana nikiwa kazini kuna wakati mmoja ambao kila mtu pale anaujua. Tunageuza viti vyote vielekee televisheni, tunaongeza sauti, na kinaanza kipindi cha BBC kiitwacho Songs of Praise. Ni kipindi cha watu kuimba nyimbo za kanisa, basi. Kilianza tarehe 1 Oktoba 1961, kikitoka kwenye kanisa la Kibaptisti mjini Cardiff, Wales, na hadi leo kinarushwa. Mara hii kanisa kuu, mara nyingine kanisa dogo la pwani, na katikati ya nyimbo watu wa mahali pale husimulia maisha yao. Kwa mzee asiyeweza tena kutoka nje ya mlango, hilo ndilo kanisa lake la Jumapili. Nimewaona wazee ambao wiki nzima hawajasema neno wakisogeza midomo mpaka ubeti wa mwisho. Ukifanya kazi yangu hukitazami kipindi kile kama watu wengine wanavyokitazama.

Kwa hiyo padri wa parokia yangu aliposema kwamba vipindi viwili vitarekodiwa katika Kanisa Kuu la Lincoln, usiku wa Jumanne na wa Jumatano, na kwamba wanatafuta waimbaji kutoka makanisa ya mkoa mzima, niliandika jina langu kabla hajamaliza matangazo. Niliomba pia nafasi ya Jumatano kwa ajili ya Bibi wa chumba cha mwisho, ambaye alikuwa amenishikilia mkono mwezi mzima akiniuliza kama kiti chake kitapita mlangoni. Ana miaka 93. Wenzangu kazini humwita kwa jina lake la kwanza, naye hupenda hivyo, lakini ulimi wangu haukubali kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, basi kwangu ni Bibi.

Jumanne nilikwenda peke yangu.

Nimeimba kwaya tangu utoto na nimewahi kurekodiwa, lakini kwenye kanisa lile nilikuwa mwanafunzi upya. Kwanza ni ukubwa wake. Watu wa Lincoln watakwambia kwamba kuanzia mwaka 1311, mnara wake wa kati ulipovikwa kilele cha mbao na madini ya risasi, hadi kilele hicho kilipoanguka mwaka 1548, hili lilihesabiwa kuwa jengo refu kuliko yote duniani. Usiku ule lilikuwa limejaa nyaya. Nyaya nene kama mkono wa mtoto zilitambaa kando ya kuta, zimefunikwa kwa mikeka ya mpira ili wazee wasijikwae, zikatoka nje mpaka kwenye magari makubwa ya matangazo. Taa zilizofichwa nyuma ya nguzo ziliyamwagia mawe rangi ya asali hadi kule juu ambako mchana huoni kitu ila kiza. Na kulikuwa na kamera moja iliyofungwa kwenye mkono mrefu wa chuma, inayoinuka na kushuka taratibu juu ya vichwa vyetu kama korongo anayetafuta samaki.

Mwanamke mmoja mwenye hedifoni shingoni alisimama akatupa masharti. Msiitazame kamera, mtazameni mwongozaji. Anayevaa koti alivae mpaka mwisho wa wimbo, na anayelivua asilivae tena, kwa sababu wimbo mmoja utaimbwa mara mbili au tatu na picha zitachanganywa. Haifai ubeti wa kwanza uwe na koti na wa pili usiwe nalo. Msibadilishane viti. Mkigeuza karatasi, geuzeni kimyakimya. Noti ya mwisho ikiisha, msikohoe, msikae, msitabasamu kwa jirani, simameni hivyohivyo mpaka tuwaambie asante, maana mwangwi wa kinanda bado unarekodiwa kule juu.

Kisha akaja mwongozaji wa waimbaji, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nitalipeleka Mkunazini nikijaaliwa kurudi. Kinanda cha Lincoln, kilichotengenezwa na Henry Willis mwaka 1898, kimekaa juu ya ukuta wa mawe ya kuchonga unaotenga sehemu ya kwaya na ukumbi mkuu wa kanisa. Sisi mamia ya waimbaji tulitandazwa kuanzia pale hadi karibu na mlango wa magharibi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyekaa mita 50 kutoka kinandani anaisikia noti ikiwa imeshachelewa zaidi ya moja ya kumi ya sekunde; akiimba kwa kufuata anachosikia, sauti yake nayo inachelewa vilevile kurudi mbele, na ubeti wa pili haujafika nusu, kanisa zima linaburuzika kama mkokoteni uliotoboka tairi. Mwongozaji akasema: msiamini masikio yenu, aminini mkono wangu. Mkono ukishuka, imba, hata kama kinanda bado hujakisikia.

Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Sisi tuliokulia kwenye kwaya tumefundishwa kinyume chake, sikiliza jirani, sikiliza kinanda, jifiche ndani ya sauti ya wenzako. Mara ya kwanza tulivurunda. Mara ya pili, karibu na ubeti wa tatu, niliacha kusikiliza, nikauweka moyo wangu wote kwenye mkono wa yule mtu aliyesimama mbali, mdogo kama kidole, na ghafla kanisa likawa pumzi moja. Sikuisikia kwa masikio. Niliisikia kwenye mbao za kiti nilichokuwa nimekishika.

Kuna watu wameniuliza kama kuimba wimbo uleule mara tatu kwa ajili ya kamera bado ni ibada. Wameniuliza Waingereza na wameniuliza Wazanzibari. Mimi naamini ni ibada, na nitasema kwa nini naamini. Mara ya kwanza nilikuwa naimba noti. Mara ya pili nilikuwa naimba maneno, kwa sababu noti zilikuwa zimeshakaa. Mara ya tatu, nimechoka, miguu inauma, saa nne ya usiku imekaribia, sikuwa na kitu kingine kilichobaki ndani yangu isipokuwa kile wimbo ulichokuwa unakisema. Sala zangu nyingi za kweli nimezisali kwenye mazoezi ya kwaya, na sidhani niko peke yangu.

Wakati tunakusanya makoti, yule mwanamke wa hedifoni akatushukuru na kusema: kesho tunarekodi cha Pasaka, njooni na nyuso za Pasaka.

Sikulala vizuri. Asubuhi saa kumi na moja na nusu, kabla ya zamu, nilimpigia Shangazi. Unguja ilikuwa saa mbili na nusu, na nyuma yake nilisikia muuza samaki anapita na kengele ya baiskeli.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Kuna usalama?"

Nikamweleza. Kwamba ni Kwaresima, kwamba majivu nimepakwa wiki iliyopita tu, na kwamba usiku wa leo nitasimama kanisani, si mazoezini, kanisani kabisa na mbele ya altare, niimbe Haleluya. Nikamwambia nafikiri nisiende.

Alinyamaza. Shangazi hunyamaza muda mrefu kwenye simu, mtu asiyemjua hudhani mtandao umekata.

"Hebu n'ambie," akasema, "hao watakaotazama, watatazama lini?"

"Jumapili ya Pasaka."

"Basi wewe unapika futari."

Sikumwelewa.

"Futari hupikwa lini? Hupikwa watu wakiwa wamefunga. Umekulia hapa, umeiona. Jirani yetu akikoroga uji na kukaanga sambusa tangu alasiri, njaa imemshika, na chungu kiko mbele yake. Hakuna aliyemwambia amevunja saumu. Asipopika, adhana ya magharibi ikilia watu watafuturu nini?"

"Lakini Shangazi, yeye hali. Mimi nitalitamka."

"Naye huonja chumvi. Huweka kwenye ncha ya ulimi, akatema." Akanyamaza tena. "Neno lile hatukulikataza sisi. Tuliliweka. Kitu ulichokiweka huwezi kuambiwa umekitupa. Nenda ukapike, mwanangu. Ukionja, onja kwa adabu."

Nilikwenda kazini na maneno hayo, nikayazungusha kichwani mchana kutwa huku nikibadilisha mashuka.

Jioni gari dogo la nyumba ya wazee lilitupandisha kilimani. Barabara ya miguu inayopanda kutoka mjini inaitwa Steep Hill, yaani mlima mkali, na kwa kiti cha magurudumu ni hadithi nyingine kabisa, kwa hiyo tulizunguka. Bibi alikuwa amevaa koti la buluu na mkufu wa lulu aliofungwa na wasichana wawili wa zamu ya mchana. Mimi nilikuwa nimejitupia khanga mabegani. Barua ya mwaliko ilikataza nguo zenye mistari myembamba na vijimraba vidogo, kwa sababu hucheza machoni pa kamera, na ikakataza maandishi makubwa ya matangazo. Khanga yangu ni nyekundu na nyeusi, yenye maua mapana. Tatizo ni kwamba khanga haikosi jina. Kijana aliyekuwa anatupanga aliinama akaisoma herufi kwa herufi, kisha akaniuliza kwa upole imeandikwa nini. Nikamwambia: Mola ndiye mtoaji. Nikamfasiria. Akasema hiyo inafaa sana, akatuweka ukingoni mwa njia ya katikati, ambapo kiti cha Bibi kingeweza kukaa bila kuziba watu.

Hapo ndipo maua yalikuwa yananitazama uso kwa uso.

Bibi alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili maisha yake yote, kwenye kanisa dogo la Wamethodisti upande wa Skegness, mashariki kabisa ya mkoa huu, karibu na bahari. Mkoa wenyewe ndio chimbuko lao: John Wesley, mwanzilishi wao, alizaliwa Epworth, Lincolnshire, mwaka 1703, na mdogo wake Charles mwaka 1707. Charles aliandika nyimbo zaidi ya 6,000. Wimbo mkubwa wa usiku ule ulikuwa wake, ule wa kufufuka kwa Bwana uliotoka mwaka 1739, unaoitikiwa Haleluya mwisho wa kila mstari. Kabla ya kuanza, mwongozaji akatueleza jambo ambalo sikulijua kabisa: Wesley hakuandika Haleluya hata moja katika wimbo ule. Aliandika mistari peke yake. Haleluya ziliongezwa na watu wa baadaye ili maneno yaenee kwenye tuni.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana nilidhani nimepewa mlango wa kutokea. Niliamua nitaimba mistari ya Wesley kama alivyoiandika, na penye Haleluya nitaingia solfa, chinichini, kama tulivyofanya Mkunazini. Hakuna atakayejua.

Tukaimba mazoezi hivyo. Tukaimba mara ya kwanza ya kurekodi hivyo. Mdomo wangu ulifunguka na kufumba kama wa wenzangu, noti zikatoka sawasawa, do, mi, so, na nilihisi mwalimu wetu wa kwaya amesimama nyuma yangu.

Baada ya hapo walisimama kuhamisha taa, na kuhamisha taa si kazi ya dakika mbili. Watu walikaa. Walipewa ruhusa ya kunywa maji. Bibi akanivuta khanga.

"Huimbi neno," akasema.

Masikio ya mwimbaji wa sauti ya pili! Nilikuwa nimesahau kwamba kazi yake miaka sabini ilikuwa kusikiliza walio pembeni.

Nikamweleza yote, Kwaresima yetu, solfa yetu, Shangazi na futari yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Wamethodisti wa kijijini kwao hawakuwa na desturi ya namna hiyo. Alisema waliimba Haleluya kila walipojisikia kuiimba. Lakini hakuicheka desturi yetu. Aliniuliza maswali. Aliuliza nani alituletea, na kwa kuwa taa zilikuwa bado zinahamishwa, nilimsimulia habari za Askofu Edward Steere.

Habari hiyo mimi mwenyewe niligundua upande wake wa pili nilipohamia hapa. Kwetu Mkunazini Steere ni jina la kila siku, askofu aliyesimamia ujenzi wa kanisa, aliyetafsiri Agano Jipya na kitabu cha sala kwa Kiswahili cha Unguja, aliyechapa kitabu cha kufundishia lugha yetu mwaka 1870. Husimuliwa kwamba dari la mviringo la kanisa hilo, la mawe ya matumbawe na saruji, watu waliliogopa wakidhani litaanguka mbao za kulishikilia zikiondolewa. Bado liko. Kisha nikiwa Lincoln nikasoma kwamba kabla ya kwenda Unguja mwaka 1864 alikuwa padri wa kijiji cha Little Steeping, na kabla yake alihudumu Skegness. Yaani alitoka mkoa huuhuu. Niliwahi kuomba lifti siku ya mapumziko nikaenda kukiona kijiji: kanisa dogo, makaburi, mashamba bapa mpaka upeo wa macho. Nilisimama pale nikafikiri, mtu aliondoka kwenye tope hili la kabichi, akaenda kukaa sakafuni na watu wa kwetu awasikilize wanavyosema.

Bibi alikijua Little Steeping. Alipita hapo na baiskeli akiwa msichana. Jina la Steere hakuwahi kulisikia.

"Alirudi?" akaniuliza.

"Hapana. Alifia kwetu mwaka 1882. Amezikwa nyuma ya altare yetu."

Alitazama mbele, kwenye maua, kwa muda. Halafu akasema, akiwa bado anatazama mbele:

"Pasaka ni wiki ngapi kutoka leo?"

"Tano na siku chache."

"Mimi nina miaka 93. Wakinipa leo, naimba leo."

Hakuyasema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekuambia basi lake ni la saa ngapi.

Yule mwanamke wa hedifoni akanyanyua mkono, kanisa likanyamaza. Kamera ya mkono mrefu ilikuwa imeshuka chini, iko upande wetu. Kinanda kikaanza. Mkono wa mwongozaji ukashuka, tukaingia mstari wa kwanza, na ulipofika mwisho wake nilisikia chini ya bega langu sauti ya Bibi ikishuka kwenye sauti ya pili, nyembamba, imekwaruzika, lakini noti ziko pale pale zinapotakiwa, na neno analiimba lote.

Nikaliimba.

Nililiimba kwa ncha ya ulimi, kama nilivyoagizwa, sauti ndogo. Mstari wa pili likaongezeka. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba sikujiona nimekula kabla ya adhana. Nilijiona niko jikoni na mtu mwingine, chungu kiko motoni, na nyumba nzima iko nje inangoja. Ubeti wa mwisho sauti ya kwanza walipaa juu yetu sote, na noti ilipokwisha tukasimama kama tulivyoamriwa, bila kukohoa, mwangwi ukizunguka juu kwenye mawe. Bibi alikuwa amekishika kidole changu kimoja tu. Tulisubiri. Nilihesabu mpaka sita kabla ya kimya kufika.

Kisha wakatuomba turudie tena, kwa ajili ya picha za mbali.

Siku zilizobaki za Kwaresima nilifunga kama kawaida, na neno lile sikulitamka tena.

Jumapili ya Pasaka nilikuwa zamu. Tuligeuza viti. Bibi nilimsogeza mbele kabisa. Alikuwa ameugua kifua mwezi Machi, siku mbili tatu zilitutia hofu, lakini alikuwepo, na mkufu wa lulu shingoni. Kanisa letu likatokea kwenye kioo, la dhahabu, maua yamejaa, na hakuna aliyeweza kujua kwamba nje kulikuwa na upepo wa Februari. Wimbo wa Wesley ulipoanza moyo ulinienda mbio, maana sikujua watachagua mara ipi, ile ya solfa au ile ya neno. Kamera ikapita juu ya watu, ikashuka, ikamkuta Bibi. Uso wake ulijaa kioo kizima, mdomo wazi katikati ya Haleluya. Mimi nilionekana upande mmoja tu: pembe ya khanga nyekundu na kidole kimoja kilichoshikwa. Mdomo wangu ulikuwa nje ya picha.

Wenzangu walipiga kelele za furaha. Bibi hakupiga kelele. Alikuwa anaimba sauti ya pili pamoja na yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimerekodi kioo cha televisheni kwa simu. Nikamtumia Shangazi, bila maneno yoyote. Alama mbili za buluu zikatokea, halafu kimya, na mimi nimeshamzoea. Nilipokuwa nakusanya vikombe vya chai simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, dakika moja na nusu.

Nilikwenda kuusikilizia kwenye chumba cha mashuka. Kwanza kulikuwa na kelele za mtaa. Halafu kikohozi chake kidogo, kile cha kupanga koo. Halafu akaanza, sauti ya pili peke yake, wimbo uleule kwa maneno yetu ya Kiswahili, taratibu, na kila alipofika mwisho wa mstari aliimba Haleluya nzima, akaivuta. Katikati ya ubeti wa tatu adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa jirani. Hakusimama. Alipunguza tu sauti kidogo, akaendelea.